Rangi Huja Mwisho: Ndege wa Uani Kwangu Kimara

Mtu akiniambia ameona "ndege mmoja hivi wa bluu", kitu cha kwanza ninachomuuliza ni alikuwa akifanya nini. Alikuwa chini akipekua majani makavu? Alikuwa amening'inia kwenye ua? Au alikaa juu ya waya, akawa anachomoka na kurudi palepale? Majibu ya maswali hayo hunifikisha kwa ndege huyo upesi kuliko rangi, kwa sababu bluu ya saa moja asubuhi si bluu ya saa saba mchana, na ndege huyohuyo akiingia chini ya mwembe utaapa kuwa ni mweusi. Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100. Ukianza kuwatafuta kitabuni kwa rangi peke yake, utachoka mapema.

Ninaishi Kimara, kwenye kiwanja cha kawaida. Kuna mwembe mkubwa tulioukuta, mipapai, mnazi wa jirani ulioegemea upande wetu, ua wa michongoma upande wa barabara, na pembeni mwa ukuta kuna shubiri na haibiskasi alizopanda mama watoto. Hapo ndipo nilipojifunzia ndege, na kamera ikafuata baadaye. Naandika kwa ajili ya yeyote hapa Dar mwenye uwanja wa namna hiyo, au hata kibaraza tu, anayetamani kuwajua ndege na anadhani lazima kwanza apate nauli ya kwenda Mikumi.

Anza na chozi. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, na hakosekani penye maua mekundu. Anayekuja kwangu kila siku ni yule ambaye wataalamu humwita Cinnyris bifasciatus. Dume lake lina kijani king'aavu kichwani na mgongoni, mkanda wa zambarau na damu ya mzee kifuani, kisha tumbo jeusi. Ndivyo kitabu kisemavyo, na ni kweli, lakini mara nyingi utakachokiona wewe ni kijindege cheusi kinachohangaika mauani. Kijani kile hakitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Unyoya una tabaka ndogo mno zinazorudisha mwanga, na huoni kitu mpaka jua, ndege na jicho lako vikae kwenye pembe inayofaa. Akigeuza shingo kidogo tu, rangi inazimika. Jike lake ndiyo kabisa: ni kijivu cha udongo mgongoni na manjano hafifu yenye michirizi tumboni, na majike ya aina kadhaa za chozi hufanana kiasi kwamba hata wazoefu hukaa kimya.

Kwa hiyo niliacha kufukuzana na rangi, nikaanza kufuatilia ratiba. Chozi ana mzunguko. Hunywa ua hili, huenda lile, huzungukia shubiri, hukaa kidogo juu ya michongoma akipiga kelele, halafu hurudi palepale alipoanzia, kwa sababu ua lililonyonywa huchukua muda kujaza nekta tena. Kwenye haibiskasi mara nyingi hapiti mlangoni: hutoboa ua kwenye kitako na kufyonza kwa nje, akaondoka bila kubeba chavua. Nilipoujua mzunguko huo, upigaji picha ukawa kazi nyepesi. Ninaweka kiti cha plastiki mahali ambapo jua la asubuhi liko mgongoni kwangu, naelekeza lenzi kwenye ua moja ninalolijua, nafokasi mapema, kisha nakaa. Yeye ndiye anayekuja. Picha zote za chozi ninazozipenda zimetoka kitini, wala hakuna hata moja niliyoipata kwa kumnyatia.

Kamera yangu niliinunua mtumba Kariakoo, pamoja na lenzi ya milimita 300. Inatosha. Simu kwa ndege mdogo aliye mbali haifui dafu, ila simu inarekodi sauti vizuri, na kwa utambuzi sauti ina thamani kubwa kuliko picha nyingi. Kwa ndege aliyetulia, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde hunitosha. Akiruka napandisha hadi 1/2000, na kama mwanga ni mdogo naongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila huruma. Afadhali picha yenye chengachenga kuliko picha iliyotikisika. Fokasi iwe kwenye jicho. Jua la Dar halisubiri mtu: tuko takriban digrii saba kusini mwa ikweta, na ikifika saa tatu asubuhi mwanga umeshakuwa mkali, macho ya ndege yamefunikwa na kivuli cha paji lake mwenyewe. Napiga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi kama saa mbili na nusu, halafu tena baada ya saa kumi jioni. Katikati hapo natazama tu, na kutazama ndiko kunakonipa kazi ya kesho yake.

Kitu kingine ambacho hapa mjini lazima kisemwe ni unyevu. Hewa ya pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzinyuzi nyeupe zinazosambaa juu ya kioo, na ukishakomaa hautoki kwa kufuta. Lenzi isilale kwenye begi la nguo. Iweke ndani ya kontena la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, na itoe mara kwa mara ikapate hewa na mwanga.

Nirudi kwa ndege. Minana ndio walionifundisha picha ni ya nini. Vuli inapokaribia, madume huanza kuchana makuti ya mnazi, uzi mmoja baada ya mwingine, na kusuka. Wote ni manjano. Kwa mbali utasema ni kundi moja. Lakini ukipiga picha na kuikuza kwenye kioo cha kamera, tazama macho. Mmoja ana jicho la kahawia lililoiva karibu na weusi, na kichwa chake kimechovywa kwenye rangi ya chungwa: huyo ni Ploceus bojeri, mnana wa pwani hasa. Mwingine ana jicho jekundu lililopauka: Ploceus subaureus. Wa tatu ana kichwa cheusi na mgongo wa madoadoa: Ploceus cucullatus. Aina tatu kwenye ndege ambao kwa miaka nilikuwa nawapita nikiingia na kutoka nyumbani. Tangu hapo nachukua picha kama ushahidi wa kuuchunguza baadaye. Ikiwa nzuri ya kuwekwa ukutani, ni ziada.

Na ukae uwatazame wakijenga, maana ni tamthilia. Dume huanza na kitanzi, husimama ndani yake, na husuka kuelekea mbele na nyuma kwa kadiri mdomo wake unavyofika, bila kuhamisha miguu. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, hupigapiga mabawa na kuimba, akimwita jike. Jike huingia, huvutavuta nyuzi kwa ndani, hukagua. Akikataa huondoka. Kiota kikikauka na kugeuka kahawia bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza upya, kwa sababu majike hupendelea kiota kibichi. Nimeokota viota vingi vya aina hiyo chini ya mnazi, vimesukwa vizuri kabisa, havina kasoro ninayoiona mimi. Jike ameona asichokiona binadamu.

Siku moja kundi zima la minana lilimvamia ndege mmoja wa kijani na nyeupe aliyekuwa amekaa pembeni akiwa mtulivu, hana fujo na mtu. Walimfukuza mpaka nje ya mtaa. Nilikuwa na picha yake moja tu, ya ubavu, jicho jekundu. Vita ile ndiyo iliyonipa jina lake kabla ya picha: alikuwa kekeo, Chrysococcyx caprius, ambaye hajengi kiota maishani mwake. Hutaga kwenye viota vya wengine, minana wakiwa miongoni mwa wanaolengwa zaidi, na kinda lake likiangua huondoa mayai ya wenyeji. Minana wa kichwa cheusi wana kinga ya ajabu: mayai ya kila jike yana rangi na madoa yake, tofauti na ya jirani, kwa hiyo yai la mgeni huonekana na kutupwa. Nilipokwishajua hilo, kelele ya minana iligeuka kuwa habari. Wakati wa mvua nikisikia wamechachamaa, natoka na kamera.

Kelele za shore ndizo habari kubwa kuliko zote. Shore ni yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi chenye kishungi kidogo na manjano chini ya mkia, anayekula mapapai yako kabla hujaamka. Ana wimbo wa kawaida wa asubuhi, mchangamfu, na ana ukali mwingine wa haraka-haraka, wa kukwaruza, anaoutoa akiona adui aliyetulia. Ukali huo ukirudiwa na shore watatu au wanne, na chozi wakajiunga, usitazame shore. Tazama kule wanakotazama wao. Mara nyingi ni nyoka, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya mtu mwenye watoto kujifunza sauti za ndege. Mara moja alikuwa bundi.

Alikuwa amejibana kwenye shina la mwembe, kahawia juu ya kahawia, macho meusi yamefumbwa nusu, kichwa mviringo kisicho na vishungi. Strix woodfordii, bundi wa misituni, ambaye haogopi viunga vyenye miti mikubwa. Nilikuwa nimeinua lenzi nikasikia sauti ya bibi wa nyumba ya pili, amesimama upande wa pili wa michongoma.

"Unapiga nini huko juu?"

"Shikamoo bibi. Ni bundi, amelala."

"Marahaba. Bundi halali nyumbani kwa watu bure, mwanangu. Huyo si ndege wa kheri. Mfukuze."

Sikubishana naye juu ya kheri. Bibi yule amekuwa hapa kabla yetu sote, na imani kwamba bundi akilia juu ya bati kuna msiba haikuanza kwake. Nilimweleza anachokula: wadudu wakubwa, vyura, na panya akimpata. Akauliza kama anakula panya wale wa kwenye dari. Nikasema dari haingii, ila panya akitoka nje usiku ajihadhari. Akatazama juu kwa muda. "Basi akae hukohuko kwako. Kwangu asilie." Akaenda zake. Hakuwatuma wajukuu na mawe, kama ambavyo angeweza, na bundi alikaa kwenye mwembe ule mpaka jua lilipozama. Usiku sikumpiga picha. Flashi kwenye macho yaliyoumbwa kwa ajili ya giza ni ukatili, na kwa ndege anayewinda usiku humwacha asione kwa muda.

Lenzi ndefu ina tatizo jingine ambalo vitabu vya wenzetu havilitaji. Nyumba zetu zimebanana. Ukielekeza kitu kile kwenye mnazi, nyuma ya mnazi kuna dirisha la mtu, na mwenye dirisha hajui kuwa unamtafuta mnana. Nilipita nyumba zote zinazonizunguka, nikapiga hodi, nikaonyesha picha, nikaeleza ninachofanya na saa ninazofanya. Ilinigharimu jioni kadhaa na vikombe vingi vya chai. Sasa majirani wananipigia simu: njoo, kuna ndege huku simjui. Watoto nao huja wakiuliza, "Anko, leo umepata nini?" Baadhi yao walikuwa wapiga manati hodari wa mtaa huu. Nawapa darubini wakazungushiane, na kila mmoja lazima aniambie ndege anafanya nini kabla hajaniambia rangi yake. Wana macho makali kuliko yangu. Kuzumburu walioota jua juu ya mwarobaini, wamening'inia vifua wazi kuelekea mashariki, waliwaona wao kwanza, na ni mtoto aliyesema, "Anko, hawa wanaanika tumbo." Ndivyo ilivyo hasa: kuzumburu hula majani mengi, na joto la jua tumboni huwasaidia kuyasaga.

Sasa kunguru. Huwezi kuzungumzia ndege wa Dar es Salaam ukamruka. Yule mwenye shingo ya kijivu, Corvus splendens, asili yake ni India na nchi zinazoizunguka. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akazaana, akavuka kuja bara, na leo ndiye anayetuamsha. Kunguru mwenyeji, yule mkubwa mwenye kifua cheupe, Corvus albus, simwoni mara nyingi. Kunguru wa India hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na serikali imewahi kuendesha kampeni za kumpunguza kwa mitego na sumu. Sina namna ya kumfukuza uani. Ninachoweza ni kutomsaidia. Taka za jikoni zinafunikwa, chakula cha mbwa hakilali nje. Na juu ya yote, siendi kwenye viota. Kunguru anatazama kila kitu. Ukipanua majani ili upate picha ya makinda, mama akaruka kwa hofu, umemwonyesha kunguru mahali pa kifungua kinywa. Picha ya kiota ipigwe kutoka mbali, kwa dakika chache, bila kukata hata tawi, na isitumwe popote huku ikitaja mahali.

Kwa sababu hiyohiyo sichezi sauti za ndege kutoka kwenye simu ili kuwaita. Tiva wawili wanaoishi kwenye michongoma huimba kwa kupokezana, mmoja huanza na mwenzake humalizia, kwa mpangilio ambao usipowaona utasema ni ndege mmoja. Ukicheza sauti ya tiva mgeni karibu nao, wataacha kula na kulea, watazunguka wakitafuta adui asiyekuwepo. Kusubiri kunachosha, lakini hakumgharimu ndege chochote.

Maji, kwa upande wangu, yameleta ndege wengi kuliko chakula chochote. Sahani ya udongo pana, kina kisizidi vidole viwili, jiwe katikati la kusimamia, iwekwe penye uwazi ili paka asijifiche, lakini karibu na kichaka cha kukimbilia. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hapo ndipo pa kukaa na kamera. Ila hapa ni Dar. Mji huu umepata milipuko ya dengi, ule wa 2014 na ule wa 2019, na mbu anayeieneza huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama, hata kidogo. Maji ya ndege yamwagwe kila asubuhi, sahani isuguliwe, yawekwe mapya. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku asiweke kabisa.

Ukitazama mfululizo, utagundua uani pana kalenda. Kaskazi ikianza kuvuma, mwishoni mwa mwaka, mbayuwayu waliozaliana Ulaya na Asia wanakuwa wameshafika na kutanda juu ya mapaa. Masika yakiingia wanaondoka. Kusi ikishika, keremkerem wengine huvuka bahari kutoka Madagaska. Huwasikia wakipita juu kwa juu kabla sijawaona. Teleka wa minazi hawaendi popote: hugundisha manyoya na mayai yao kwa mate chini ya kuti linaloning'inia, na kuti likipigwa na upepo wanayumba nalo. Mkata kuti akija kwa jirani, huwa namwomba anisubiri nitazame kwanza kwa darubini. Hajawahi kukataa. Tipitipi akibubujisha ile sauti yake ya kushuka, mtaani kwetu husema mvua i karibu, na mimi huandika tarehe. Kila ninachokiona nakiingiza eBird, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za ndege ulioanzishwa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambako orodha ya mtu wa Kimara inakaa pamoja na za watu wa dunia nzima. Uwanja mdogo unaotazamwa mwaka mzima una mengi ya kuieleza sayansi kuliko safari ya siku moja mbugani.

Kinachoniuma ni michongoma. Mtaani kwetu kila anayepata fedha anaing'oa na kujenga ukuta wa tofali. Namwelewa, wezi wapo. Lakini ndani ya michongoma ndimo wanamoishi tiva, na ndimo wanamojenga tongo, vile vijindege vya kahawia na tumbo jeupe vinavyokula mbegu za nyasi kwa makundi. Ukuta hauzuii mtu kuacha mita chache za michongoma kwa ndani, na majirani wawili wamekubali kufanya hivyo. Ua wangu wa michongoma nimeubakiza wote. Unahitaji kukatwa mara kwa mara la sivyo utafunga njia, na fundi wa bustani ana maelekezo: akiona tongo wanabeba majani marefu ya nyasi kuingia ndani, panga lisubiri mpaka makinda yatoke.